Mzee Anayeshindwa Kuinuka Asubuhi

Somo: Zaburi ya 71, sala ya mtu mzima aliyeishiwa nguvu.

Wapendwa, leo tujifunze juu ya ugonjwa ambao wengi wetu twausingizia baridi ya milimani, au mizigo ya tangawizi tuliyobeba ujanani kwenye miteremko ya Mamba na Miamba. Waganga wa hospitali huuita polimialjia rumatika. Huwapata waliopita miaka 50, hasa wenye miaka 70 na zaidi, na wanawake kuliko wanaume.

1. Dalili. Mabega, shingo, nyonga na mapaja huuma na kukakamaa, pande zote mbili. Asubuhi huwa vibaya zaidi, kwa dakika 45 au kupita. Mzee hawezi kujigeuza kitandani, kuchana nywele, wala kuinuka akiisha kupiga magoti. Tusiseme ni uvivu, wala amerogwa, wala ndio uzee. Uzee huja polepole; ugonjwa huu huja kwa siku au majuma machache.

2. Matibabu. Tabibu hupima damu, kisha hutoa prednisoloni, mara nyingi miligramu 15 hivi kwa siku kwa kuanzia. Mgonjwa huweza kupata nafuu kubwa kwa siku chache. Hapo ndipo penye mtego, maana akijiona mzima huiacha. Isiachwe ghafula! Hupunguzwa kidogo kidogo, mwaka 1 au 2, pengine zaidi. Tena huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, kudhoofisha mifupa, na kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kwa hiyo tusijinunulie dukani.

3. Onyo. Kichwa kikianza kuuma upya, hasa kwenye panja, taya zikiuma wakati wa kutafuna, au macho yakiona giza, huenda mishipa ya damu ya kichwani imevimba. Mgonjwa ashuke hospitali ya Same, au KCMC Moshi, siku ile ile. Asingojee gari la siku ya gulio. Jicho likishapofuka kwa ugonjwa huu, mara nyingi halioni tena.

Sisi wazee tuna kosa letu: twaona haya kuketi wenzetu wapigapo magoti, nasi twaficha maumivu, au twabaki nyumbani Jumapili. Bwana hahesabu magoti.

Maswali:
1. Ni mzee gani mtaani kwetu ambaye haonekani tena kanisani? Nani atakwenda kumwuliza habari za asubuhi zake?
2. Nani atamsindikiza hospitali?