Kurudi au Kubaki? Namna Mume na Mke Wanavyoweza Kuamua Pamoja

MASOMO YA FAMILIA NA MAKUZI YA KIROHO: SOMO LA TANO

Masomo: Mathayo 2:13-23 na Yeremia 29:1-14
Lengo: Kuwasaidia wanandoa wazungumze juu ya kurudi nyumbani bila kuvunja ndoa, na bila kumlazimisha Mungu aseme asiyoyasema.



Katika masomo yaliyotangulia tumejifunza sala ya nyumbani, kusameheana, malezi ya watoto na matumizi ya ulimi. Leo tunaingia katika jambo ambalo limeleta ugomvi katika nyumba nyingi hapa kambini. Baba anasema, "Turudi." Mama anasema, "Sirudi mimi." Au mama ndiye anayetaka kurudi, na baba hataki hata kulisikia. Wengine wameacha kusemezana. Wengine wamegawana watoto. Hebu tulitazame jambo hili katika mwanga wa Neno la Mungu.

1. HABARI ZOTE MBILI NI ZA KWELI

Vita hii ilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Tarehe 24 Machi 2021 ilifika Palma, na watu walikimbia kwa miguu, kwa mitumbwi na kwa mashua, kila mtu kwa njia aliyoipata. Ndugu zetu Waislamu walikimbia usiku uleule pamoja nasi, wala tusisahau hilo.

Mwezi Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliurudisha mji wa Mocímboa da Praia. Tangu hapo watu wengi wamerudi Mocímboa na Palma. Wamejenga upya, wameuza samaki, wamelima. Hiyo ni habari ya kweli.

Lakini tarehe 10 Mei 2024 mji wa Macomia ulishambuliwa tena, na mwezi Julai 2025 makumi ya maelfu ya watu walikimbia katika wilaya ya Chiúre, ambako awali wengine walikuwa wamekwenda kutafuta usalama. Hiyo nayo ni habari ya kweli.

Sasa angalieni kinachotokea nyumbani. Mume ameshika habari ya kwanza, mke ameshika habari ya pili, na kila mmoja anamwona mwenzake ni mwongo. Kumbe hakuna mwongo hapo. Kila mmoja amebeba nusu ya ukweli. Nyumba inayotaka kuamua vizuri inahitaji nusu zote mbili.

2. YOSEFU ALIRUDI, LAKINI ALIOGOPA

Familia Takatifu ilikuwa familia ya wakimbizi. Yosefu aliamka usiku, akamchukua Mtoto na mama yake, wakaenda Misri, kwa sababu Herode alitaka kumwua Mtoto. Hadithi hii tunaisikia kila Noeli. Lakini mara nyingi tunaishia hapo, hatusomi vizuri habari ya kurudi kwao.

Someni taratibu Mathayo 2:19-23. Herode amekufa. Malaika anamwambia Yosefu katika ndoto arudi katika nchi ya Israeli. Yosefu anatii, anafunga safari. Lakini njiani anasikia kwamba Arkelao, mwana wa Herode, anatawala Yudea mahali pa baba yake. Injili inasema wazi kwamba Yosefu aliogopa kwenda huko. Kisha akaonywa katika ndoto, akaenda sehemu za Galilaya, akakaa Nazareti.

Tujifunze mambo matatu hapa.

Kwanza, Yosefu aliuliza habari. Malaika alikuwa amemwambia arudi, lakini bado alitega sikio kujua nani anatawala kule aendako. Imani haikumzuia kuuliza. Kama mtu mwenye neno la malaika aliuliza habari, je, sisi tuondoke kwa sababu tu jirani amesema kwamba kumetulia?

Pili, hofu ya Yosefu haikuitwa dhambi. Hatusomi kwamba alikemewa kwa kukosa imani. Na historia inaonyesha kwamba hakukosea: Arkelao alikuwa mkatili kiasi kwamba Warumi wenyewe walimwondoa katika utawala mwaka wa 6 baada ya Kristo. Kwa hiyo, akina baba, mke wako akisema, "Ninaogopa," usimjibu, "Huna imani." Muulize, "Unaogopa nini hasa?" Huenda amesikia jambo ambalo wewe hujalisikia. Na akina mama, mume akisema anaogopa, msimcheke. Yosefu alikuwa mwanamume kamili, na aliogopa.

Tatu, Yosefu hakuona njia mbili tu. Hakusema, "Ama Yudea, ama nirudi Misri." Alipata njia ya tatu: Galilaya. Alirudi katika nchi yake, lakini hakurudi mahali pa hatari. Nyumba nyingi zinagombana kwa sababu zinaona "kurudi" na "kubaki" tu. Ziko njia nyingine. Familia inaweza kwenda kwa ndugu walio mahali penye usalama zaidi. Inaweza kusubiri mpaka watoto wamalize mwaka wa shule. Baba anaweza kwenda kwanza kuangalia hali, kama wote wawili wamekubaliana siku ya kurudi.

Hata sheria ya Afrika inatambua jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya wakimbizi wa ndani, uliopitishwa Kampala tarehe 23 Oktoba 2009, na ambao Msumbiji imeukubali, unasema kwamba mkimbizi wa ndani achague kwa hiari yake, huku akijua hali ilivyo: kurudi kwao, kubaki alipo, au kuhamia mahali pengine. Njia tatu, wala si mbili. Tena ni kwa hiari, si kwa kusukumwa.

3. BARUA KWA WALIO UHAMISHONI

Katika siku za nabii Yeremia, watu wa Yuda walichukuliwa hadi Babeli. Nabii mmoja aitwaye Hanania aliwaambia watu kwamba baada ya miaka miwili mambo yote yatarudi kama zamani (Yeremia 28:3). Watu walipenda maneno hayo. Nani asingeyapenda? Lakini yalikuwa ya uongo. Yeremia aliwaandikia barua walio uhamishoni, akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze na kuozwa, na wauombee heri mji waliohamishiwa, kwa sababu itachukua miaka sabini.

Hakuwaambia waisahau Yerusalemu. Aliwaahidi kwamba Mungu atawarudisha. Lakini hakutaka waishi miaka yote hiyo wamekaa juu ya mizigo iliyofungwa.

Kuna familia hapa ambazo hazijapanda hata mchicha kando ya nyumba, kwa sababu "tunaondoka mwezi ujao." Mwezi ujao umekuwa miaka. Kupanda mhogo hapa si kuisaliti Palma. Kumwandikisha mtoto shule ya hapa si kuapa kwamba hutarudi. Wazee wetu wanajua jambo hili. Vita ya ukombozi ilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, wengi walivuka Ruvuma kuingia Tanzania, na wengine waliishi katika makazi ya Rutamba huko Lindi. Walilima kule, walizaa kule, watoto walisoma kule. Na uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi. Kulima ugenini hakukuwazuia kurudi.

4. MANENO YALIYO CHINI YA MANENO

Mume anaposema, "Turudi," mara nyingi kuna neno jingine chini yake. Hapa hana bahari. Hana nyavu wala mtumbwi. Kila asubuhi anakaa kivulini na wanaume wenzake akisubiri mgao, na karatasi ya mgao huenda imeandikwa jina la mke wake. Anaposema "turudi," moyoni anasema, "Nataka kuwa baba tena."

Au anaogopa kwamba mtu mwingine atachukua shamba lake na minazi yake. Hofu hiyo ina msingi, lakini ijulikane pia kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 ilitambua haki ya mtu aliyekaa na kulima kwa kufuata mila za mahali, au kwa nia njema kwa miaka kumi, hata kama hana karatasi. Mashahidi wa haki hiyo ni majirani na wazee. Kwa hiyo, andikeni sasa majina ya mliopakana nao, wengi wao mko nao hapahapa kambini.

Mke anaposema, "Sirudi," naye ana neno chini yake. Huenda aliona mambo siku ile ambayo hajamsimulia mtu yeyote. Huenda kuna mtoto aliyezikwa njiani, na hawezi kupita njia ile tena. Anaposema "sirudi," moyoni anasema, "Siwezi kumpoteza mwingine."

Wapendwa, ndugu wawili hawa hawagombani juu ya safari. Wanalia, kila mmoja kwa namna yake. Mpaka kilio kisikiwe, safari haiwezi kujadiliwa.

5. HATUA TANO ZA KUAMUA PAMOJA

(a) Tafuteni wakati. Msianze jambo hili wakati wa njaa, wala mbele ya watoto, wala mtu akiwa amelewa. Kaeni jioni watoto wakiwa wamelala. Anzeni na Baba Yetu.

(b) Mmoja aseme, mwingine asikilize. Mume aseme yote bila kukatizwa. Kisha mke ayarudie aliyoyasikia: "Baba watoto, nimesikia unasema kwamba..." Mume akubali au asahihishe. Halafu mgeuze. Asijibu mtu kabla mwenzake hajakubali kwamba amesikiwa.

(c) Tenganisheni habari na uvumi. Kwa kila habari ulizeni: Nani ameiona kwa macho yake? Lini? Anayetuambia anafaidika nini tukienda, au tukibaki? Tafuteni watu wawili au watatu walioko kule, wasiofahamiana.

(d) Andikeni au hesabuni kwa vidole njia zote, si mbili tu. Kwa kila njia ulizeni: Watoto watasoma wapi? Mgonjwa atatibiwa wapi? Tutakula nini mpaka mavuno? Hatari ikija usiku, tutakimbilia wapi?

(e) Wekeni siku ya kulitazama tena. Uamuzi wa leo si wa milele. Semeni, "Tutabaki mpaka mwisho wa masika, kisha tutakaa tena." Aliyekubali kusubiri hupata nguvu akijua kwamba hakunyamazishwa.

6. MAMBO AMBAYO HAYAAMULIWI KWA MAPATANO

Kuna mambo ambayo wanandoa hawana ruhusa ya kukubaliana, hata kama wote wawili wanataka.

Hakuna anayepigwa ili akubali. Kumpiga mke ni dhambi, na tangu Sheria namba 29 ya mwaka 2009 ni kosa la jinai katika nchi yetu. Dada unayepigwa, kwanza uwe mahali salama. Mambo ya hatua tano yatasubiri. Mwone katekista au mama mshauri wa jumuiya, naye atakusindikiza polisi au hospitali.

Binti haozwi ili kupunguza midomo kabla ya safari. Sheria namba 19 ya mwaka 2019 inakataza kumwoza mtoto aliye chini ya miaka 18, na inamwadhibu hata mzazi aliyeruhusu.

Mtoto haachwi kwa mtu msiyemjua vizuri, kwa maneno ya "tutamfuata baadaye." Yosefu alimchukua Mtoto na mama yake, kwenda na kurudi.

7. KWA NINI TUJIFUNZE HAYA DARASANI?

Wengine husema, "Mambo ya nyumbani yakae nyumbani." Ni kweli, siri za ndoa hazitangazwi. Darasani hatuombi mtu asimulie siri zake. Tunajifunza njia, kisha kila mtu anaipeleka nyumbani kwake.

Tena Kanisa la Msumbiji lina uzoefu wa kukutana hivi. Tarehe 24 Julai 1975 serikali ilitaifisha shule na hospitali za misheni. Mwezi Septemba 1977 mkutano wa kichungaji wa taifa zima ulikutana Beira na kuamua kwamba Kanisa liishi katika jumuiya ndogondogo, zenye animador na wahudumu wake walei. Jumuiya hizo zilishika imani katika miaka mirefu ya vita, penye padre na pasipo padre. Basi tunapokaa mkekani chini ya mwembe, tusijione kama Kanisa lililobomoka. Hivi ndivyo baba zetu na mama zetu walivyosali.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni habari gani Yosefu aliisikia njiani, nayo ilibadilishaje safari yake?
2. Kwa nini watu walimpenda Hanania kuliko Yeremia? Je, tunao akina Hanania siku hizi?
3. Akina baba wakae peke yao: Ni jambo gani mlilolipoteza ambalo wake zenu hawajawahi kuwauliza?
4. Akina mama wakae peke yao: Ni hofu gani ambayo hamjaweza kuitamka mbele ya waume zenu?
5. Wajane na wanaolea watoto peke yao: Ni nani katika jumuiya anayeweza kuwa mwenzako wa kusikilizana naye kabla ya kuamua?

ZOEZI LA WIKI

Fanyeni hatua ya (b) tu. Msiamue lolote wiki hii. Kila mmoja amsikilize mwenzake mara moja, mpaka mwisho. Wanaopenda watatueleza katika kipindi kijacho jinsi ilivyokuwa, bila kutaja mambo ya siri.

SALA

Ee Mungu wa Yosefu na Maria, uliwatunza walipokimbia na ukawaongoza waliporudi. Utazame nyumba zetu. Utupe masikio kabla ya kutupa safari. Wafariji waliozika watoto wao njiani. Tukibaki, tubaki nawe, tukirudi, tutangulie. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Somo lijalo: Namna ya kuzungumza na mtoto aliyeona vita. Mungu awabariki nyote.