Masinga Ikimwaga, Usingoje: Kijitabu kwa Wakazi wa Kando ya Mto Tana

Kijitabu hiki kimezaliwa na malalamiko. Tangu mafuriko ya Aprili na Mei 2024, kila baraza tunalofika tunaulizwa swali lile lile: nani alituletea maji haya? Tumeitwa waongo mbele ya machifu. Hatukususa. Tumerudi na majibu, tena kwa lugha nyepesi, jambo ambalo si kila ofisi hujisumbua nalo.

MAJI YANATOKA WAPI?

Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Nyandarua, maji huingia Masinga, bwawa la kwanza kati ya matano yaliyofuatana kwenye Tana. Chini yake kuna Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga hujaa maji yanapofika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Yakizidi hapo humwagika, na mabwawa ya chini ni madogo, hayawezi kuyazuia yote. Maji hayo huchukua siku kadhaa kufika Garissa, kisha Hola, kisha Garsen. Jua linaweza kuwa linawaka Garissa na vumbi linatimka, kumbe mafuriko yako njiani. Usipime hatari kwa mawingu ya kwenu. Sikiliza habari za Masinga.

MNAVYOTOFAUTIANA

Tumewasikiliza nyote. Wasimamizi wa mabwawa wanataka maji ya kuzalisha umeme. Mkulima wa Kipokomo hataki mto ufungwe kabisa, kwa kuwa maji yakipanda kiasi na kushuka humwachia tope lenye rutuba la kupandia mpunga. Mfugaji wa Kiorma anategemea malisho ya delta wakati wa kiangazi, na anahofia kwamba matuta ya kuzuia maji yakijengwa yataziba malka, njia za ng'ombe kufika mtoni. Mfanyabiashara wa Garissa anataka barabara ya Madogo iinuliwe, kwa sababu ikikatika bidhaa hazifiki. Wapo wanaotaka bwawa la High Grand Falls lijengwe upesi, na wapo wa delta wanaoona kwamba hilo litawanyima hata mafuriko yanayowafaa.

Msimamo wetu ni kwamba mabwawa peke yake si dawa, na tuta linalolinda mji mmoja laweza kuwasukumia maji wa ng'ambo. Lakini mjadala huo ni wa miaka. Usiufanye sababu ya kubaki nyumbani.

ONYO

Tangazo la mafuriko likitolewa, hama. Hama na wazee, watoto na mifugo, mchana, kabla njia haijakatika. Usimwache mtu nyuma eti alinde mabati. Tumeona kila msimu wanaume wakibaki kulinda nyumba, kisha wanatafutwa juu ya miti.

Usivuke barabara iliyofunikwa na maji, iwe kwa gari, bodaboda au miguu. Lami iliyobomoka haionekani chini ya maji ya matope.

Na boti! Aprili 2024 boti iliyobeba abiria ilipinduka katika mafuriko hapo Madogo, watu wakafa. Usipande boti iliyojaa. Usipande bila jaketi ya kuokolea. Usipande usiku. Mwenye boti atakwambia nafasi bado ipo. Yeye hulipwa kwa kichwa. Tunarudia, na tutarudia hadi mtuchoke: usipande boti iliyojaa.

MENGINEYO

Upana wa ukingo wa mto kisheria ni kati ya mita 6 na 30; maafisa wa maji ndio huonyesha mpaka. Ukihama, jiandikishe kwa chifu ukiwa na kitambulisho ili upate msaada. Masharti mengine utayapata huko huko.

Tangazo likikufikia, mpelekee jirani asiye na redio wala simu, hasa mzee anayeishi peke yake, kabla hujaanza kufunga mizigo yako.