Somo la Umeme wa Jua: Joto la Kidhibiti Volti Tunapochaji Simu kwa Betri

Kaya nyingi ambazo hazijafikiwa na umeme wa gridi hutumia paneli ya sola na betri ya volti 12. Kwa kuwa simu huchajiwa kwa volti 5, baadhi ya wakazi na mafundi hufunga kidhibiti volti chenye miguu mitatu, aina ya 7805, kati ya betri na tundu la kuchajia. Kifaa hiki ni cha bei nafuu na hutoa umeme uliotulia. Hata hivyo, hupata joto kali, na joto hilo lisipodhibitiwa huleta hasara na hatari.

Chanzo cha joto

Kidhibiti hiki hushusha volti kwa kuzizuia, na kinachozuiwa hugeuka kuwa joto. Ili kujua kiasi chake, toa volti zinazotoka katika volti zinazoingia, kisha zidisha kwa mkondo.

Mfano: simu inavuta ampea 0.5 kutoka betri ya volti 12. Kumi na mbili kutoa 5 ni 7, mara 0.5 ni wati 3.5 za joto. Simu yenyewe hupata wati 2.5 tu. Hivyo, zaidi ya nusu ya umeme uliovunwa mchana hupotea, nao ndio ungewasha taa ya mtoto anayejisomea usiku. Wakati wa jua kali, betri inapochajiwa hadi volti 14.4, joto hufikia wati 4.7.

Kikiwa kitupu, kidhibiti hiki hakistahili kubebeshwa zaidi ya wati moja na nusu hivi. Kikizidiwa hujizima, kikapoa, kisha kikawaka tena. Simu inayochaji na kukatika mara kwa mara huenda inatoa dalili hiyo.

Hatua za kuchukua

1. Kifungwe kwa skrubu kwenye bamba la alumini. Kwa ampea 0.5, bamba la sentimeta 10 kwa 10, lenye unene wa milimita 2 hadi 3, linatosha. Lisimamishwe wima ili hewa ipite.

2. Pakwe mafuta maalumu ya kupitisha joto kati ya kidhibiti na alumini.

3. Kisifungiwe ndani ya kopo la plastiki lisilo na matundu, wala kisiwekwe karibu na pazia, godoro au makuti.

4. Simu mbili au tatu zisichajiwe pamoja kwenye kidhibiti kimoja, kwani mkondo ukiongezeka maradufu, joto nalo huongezeka maradufu.

5. Fyuzi ifungwe karibu na ncha chanya ya betri. Nyaya zikigusana, betri inaweza kutoa mkondo mkubwa wa kuunguza nyumba.

Njia iliyo bora zaidi

Anayeweza anunue chaja ya simu ya kwenye gari, ya volti 12. Chaja nyingi za aina hiyo hushusha volti kwa kukata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa badala ya kuuzuia. Kwa simu ileile, chaja nzuri huvuta wati 3 hivi kutoka kwenye betri, ambapo 7805 huvuta wati 6.

Wakazi wanaombwa kukagua vifaa vyao leo. Kifaa kisichoshikika kwa moto wake kizimwe na kupelekwa kwa fundi. Moto ukizuka, pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.