Mwanao Akienda Chuo Kikuu Kusoma Wanyama



Mtoto wa kijijini amemaliza kidato cha sita. Amefaulu. Jioni anakuja nyumbani na karatasi mkononi, anasema, "Baba, nimepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nakwenda kusoma elimu ya wanyama."

Baba ananyamaza kidogo. Halafu anauliza, "Wanyama gani? Hapa tuna mbuzi, na wewe umewachunga tangu ukiwa mdogo. Kuna nini tena cha kusoma?"

Swali hilo si la kuchekwa. Mzazi anauza mazao, pengine anauza na mbuzi mwenyewe, ili mtoto aende shule. Ana haki ya kujua anakwenda kusoma nini. Basi leo tutalijibu swali hilo, hatua kwa hatua.

CHUO CHENYEWE KIKO WAPI?

Ukifika Dar es Salaam kwa basi kutoka bara, unapita Ubungo. Kutoka hapo, upande wa kushoto kama unakwenda Mwenge, kuna kilima kirefu chenye miti mingi. Hapo ndipo Chuo Kikuu kilipo, na watu wa mjini hupaita Mlimani. Zamani palikuwa Wilaya ya Kinondoni. Siku hizi ni Wilaya ya Ubungo, ambayo ilimegwa kutoka Kinondoni.

Chuo hakikuanzia kilimani. Kilianza mwaka 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na wanafunzi wachache mno, na somo lilikuwa moja tu, sheria. Kikahamia Mlimani mwaka 1964. Masomo ya sayansi yakaanza mwaka 1965. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Tanzania.

Wazee watakumbuka pia Azimio la Musoma la mwaka 1974. Baada ya azimio hilo, kijana alipotoka shule alitakiwa kwanza afanye kazi, ndipo aende Chuo Kikuu. Utaratibu huo haupo tena. Sasa kijana hutoka kidato cha sita akaingia moja kwa moja.

WANASOMA NINI?

Kwanza tuondoe kosa moja. Anayesoma elimu ya wanyama Mlimani si daktari wa mifugo. Daktari wa ng'ombe na mbuzi husomea Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Yule wa Mlimani anasoma wanyama wote: mdudu, samaki, chura, nyoka, ndege, popo, tembo. Anataka kujua mwili wa kila mmoja umejengwaje, anakula nini, anazaaje, anaishi na nani, na kwa nini anaonekana hapa wala haonekani pale.

Elimu hiyo huitwa zuolojia. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu. Ili uipate, lazima sekondari uwe umesoma bailojia, ukafaulu. Mtoto wa darasa la saba anayependa wanyama lakini anachukia hesabu, mwambieni mapema: hesabu zimo nyingi.

Wanafunzi hawakai darasani siku zote. Huingia maabara, yaani chumba cha kufanyia majaribio, wakapasua mnyama mdogo na kuangalia moyo, ini na utumbo. Huangalia kwa hadubini vijidudu ambavyo jicho peke yake haliwezi kuviona. Tena hutoka nje. Pwani ya Kunduchi wanatazama kaa, konokono wa bahari na samaki wakati maji yametoka. Katika msitu wanatega mitego ya panya, wanawapima na kuwaachia.

Wanawaachia? Ndiyo. Hapo ndipo watu wengi hushangaa. Kumbe kazi kubwa ya mtaalamu wa wanyama ni kuhesabu, wala si kuua.

NAMNA YA KUHESABU WASIOHESABIKA

Ng'ombe unawahesabu zizini. Lakini utahesabuje konokono katika shamba la mchicha? Hawakai mstarini. Ukihesabu leo, kesho hujui kama huyu ni yule wa jana au ni mwingine.

Fanya hivi. Siku ya kwanza okota konokono 40. Kila mmoja mtie alama ndogo ya rangi kwenye gamba lake, kisha waachie wote mahali ulipowaokota. Ngoja siku tatu ili wachanganyike na wenzao. Siku ya nne rudi, okota tena bila kuchagua. Tuseme umepata 50. Watazame: wenye alama ni 10.

Sasa fikiri. Katika konokono 50, wenye alama ni 10. Hiyo ni sehemu moja katika tano. Kama ndivyo ilivyo mkononi mwako, basi ndivyo ilivyo shambani kote. Wenye alama shambani ni 40. Kama 40 ni sehemu moja katika tano, basi wote ni 40 mara 5. Shamba lina konokono kama 200.

Umeona? Hukuwaona wote, lakini umepata hesabu yao. Wataalamu hutumia njia hii hii kwa samaki, panya na ndege. Lakini ina masharti. Alama isifutike. Isimdhuru mnyama wala isimfanye aonekane na adui upesi. Na katika siku hizo za kungoja, wasiingie wengine wengi kutoka shamba la jirani. Masharti yakivunjika, hesabu ni ya uongo hata kama umeizidisha vizuri.

CHURA WA KIHANSI

Sasa tuje kwenye kisa ambacho kinaonyesha elimu hii ina kazi gani.

Mto Kihansi unashuka kutoka milima ya Udzungwa kwenda bonde la Kilombero. Zamani ulianguka kwa nguvu nyingi sana. Mahali maji yalipoanguka yalitoka manyunyu kama moshi, na pembeni mwa maporomoko mimea ililowa usiku na mchana, mwaka mzima.

Serikali iliamua kujenga bwawa hapo ili kupata umeme. Wakati ujenzi ukiendelea, wataalamu walipelekwa kuangalia mimea na wanyama wa bonde lile. Mwaka 1996 wakaona chura mdogo wa rangi ya manjano. Mkubwa wao hafiki urefu wa sentimita tatu. Hakuna aliyekuwa amemwandika kabla. Profesa Kim Howell wa idara ya wanyama ya Mlimani ni mmoja wa wataalamu waliomweleza chura huyo kitaalamu na kumpa jina. Katika jina lake la kitaalamu limo neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu.

Chura tunayemjua sisi hutaga mayai kwenye maji. Mayai yanakuwa viluwiluwi, viluwiluwi vinaota miguu. Huyu wa Kihansi sivyo. Jike hubeba watoto tumboni, akazaa vyura kamili, kila mmoja kama nusu sentimita. Ngozi ya tumbo ni nyembamba mno hata unaweza kuwaona watoto ndani. Tena aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye manyunyu yale. Eneo lenyewe ni kama hekta mbili, yaani shamba la mkulima mmoja.

Bwawa likakamilika, na mwaka 2000 mitambo yake yote mitatu ilikuwa inafanya kazi. Uwezo wake ni megawati 180. Huo ni umeme wa viwanda, hospitali na nyumba nyingi. Lakini maji sasa yaliingia kwenye mabomba. Mtoni ilibaki kama sehemu moja katika kumi. Manyunyu yakakoma, mimea ikaanza kukauka.

Hapo watu waligombana, na mimi siwezi kusema upande mmoja ulikuwa wa wajinga. Mmoja alisema, "Tuache taa kwa ajili ya chura?" Mwingine akajibu, "Taa unaweza kuipata kwa njia nyingine. Chura huyu akiisha, ameisha."

Mambo mawili yalifanyika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa na kupelekwa kwa ndege Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York. Baadaye wengine waligawiwa bustani nyingine, ikiwamo ya Toledo. Na huku Kihansi yakatandikwa mabomba ya kunyunyizia maji, ili kuiga manyunyu ya zamani.

Mabomba yalisaidia. Katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Watu wakashusha pumzi. Halafu, katika muda wa miezi michache, wakafa. Januari 2004 walionekana watatu tu. Wataalamu walikuta ugonjwa wa kuvu unaoshika ngozi ya vyura, ugonjwa ambao umeua vyura katika nchi nyingi. Wengine walishuku pia dawa za kuua wadudu zilizosombwa na maji kutoka mashamba ya juu. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa rasmi kuwa hayupo tena porini.

Na wale wa Marekani? Nao walikufa wengi. Mwishoni mwa mwaka 2004 walikuwa wamebaki wasiofika 70. Watunzaji hawakujua vizuri wanataka joto gani, mwanga gani, chakula gani. Walijifunza kidogo kidogo, kwa makosa, mpaka vyura wakaanza kuzaana tena. Wakafika maelfu.

VYURA WANARUDI MLIMANI

Mwaka 2010 vyura 100 walipanda ndege kurudi Tanzania. Hawakupelekwa Kihansi kwanza. Walipelekwa Mlimani, Chuo Kikuu, katika chumba kilichotayarishwa kwa ajili yao.

Fikiria kazi ya chumba hicho. Dar es Salaam ni joto, Kihansi ni baridi. Kwa hiyo chumba lazima kipozwe. Maji lazima yarushwe kama ukungu, tena yawe safi. Chura anakula wadudu wadogo sana walio hai, basi wadudu nao wafugwe: nzi wadogo wa matunda na nyenje wachanga. Anayeingia hujihadhari asilete ugonjwa kwa viatu na mikono. Chura mmoja akilala vibaya, mtu aone siku ile ile. Mfugaji wa kuku anaijua kazi hii. Tofauti ni kwamba kuku wako wakifa unaweza kununua wengine mnadani.

Mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha Kihansi ilianza, kidogo kidogo, kwa majaribio. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa aina ya chura aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Bwawa linaendelea kutoa umeme, na mabomba ya manyunyu nayo yanafanya kazi. Kazi bado ni ngumu, maana ule ugonjwa wa ngozi hauonekani kwa macho.

NA SISI TUNAPATA NINI?

Mzazi atasema, "Sawa, chura amepona. Mimi je?"

Basi twende Temeke. Huko, kando ya Barabara ya Mandela, iko maabara ya serikali ya magonjwa ya mifugo. Hapo ilitengenezwa chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima kwa juma moja. Chanjo hiyo inavumilia joto kuliko zile za zamani, kwa hiyo inaweza kufika kijiji kisicho na jokofu kama ikifungwa vizuri na kuwekwa kivulini. Tone moja tu kwenye jicho la kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Haiponyi kuku aliyekwisha ugua. Inamkinga mzima. Chanjo kama hiyo haipatikani bila watu waliokaa miaka wakichunguza kijidudu kinaingiaje katika mwili wa mnyama na mwili unajikingaje.

Waliosoma wanyama Mlimani huajiriwa katika hifadhi, katika utafiti wa wanyamapori na wa uvuvi. Wengi huwa walimu wa bailojia. Lakini tusidanganyane: wapo wanaomaliza wakakaa muda mrefu bila ajira. Ada nayo ipo. Mwanafunzi anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mzazi aelewe kwamba huo ni mkopo, siyo zawadi, na utakatwa kwenye mshahara. Fomu zina tarehe ya mwisho. Aliyechelewa kwa siku moja amechelewa.

Na yule baba wa mbuzi, mtoto akirudi likizo, amwulize kwa nini mbuzi wanakula majani yale na kuacha haya. Atashangaa ni nani kati yao mwenye mengi ya kumwambia mwenzake.

KAZI YA KIKUNDI

Someni tena habari ya Kihansi kwa sauti, kila mtu fungu moja. Kisha mjadili: kama mto wenu ungetakiwa kutoa umeme, na chura kama yule angekuwa anaishi hapo tu, kijiji kingesema nini? Mwandishi wa kikundi aandike majibu ya pande zote mbili, hata yale yasiyompendeza.

Halafu fanyeni hesabu hii. Mmeokota konokono 30, mkawatia alama na kuwaachia. Baada ya siku tatu mmeokota 40, na wenye alama ni 8. Shambani wako wangapi? Jibu ni 150. Aliyepata jingine agawanye tena.