Kabla ya Kulipia Shahada ya Ustawi wa Jamii na Sheria

Elimu ni huduma inayonunuliwa kwa gharama kubwa, wala hairudishwi dukani ikikosa kufaa. Mkoani Dodoma, ada huweza kutokana na ng'ombe waliouzwa mnadani au mavuno ya zabibu ya misimu kadhaa. Kwa sababu hiyo tunakushauri uipime shahada kama unavyopima bidhaa nyingine: inafanya kazi gani, na nani anaitambua?

Tuchukue mfano wa afisa ustawi wa jamii katika wilaya kama Bahi au Kondoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka awepo Mahakama ya Watoto inapoketi, na taarifa yake ya uchunguzi wa kijamii humsaidia hakimu kufikia uamuzi. Akiona watoto wasio na mtetezi, afisa huyo hutamani kuwa wakili pia. Nia hiyo ni njema. Akisikia kwamba Marekani shahada hizo mbili husomwa kwa pamoja kwa takribani miaka minne badala ya mitano, huenda akaitafuta njia hiyo hapa nchini.

Kwetu utaratibu ni tofauti. Sheria husomwa kuanzia shahada ya kwanza, kwa miaka mitatu au minne kulingana na chuo. Anayetaka kuwa wakili Tanzania Bara hupata kwanza shahada hiyo, kisha huhitimu Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoko Dar es Salaam, ndipo huomba kusajiliwa. Shahada ya uzamili, hata ikibeba neno "sheria" katika jina lake, haichukui nafasi ya shahada ya kwanza ya sheria. Vivyo hivyo, tuzo ya ng'ambo ikitambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), utambuzi huo si leseni ya uwakili.

Kabla ya kulipa, jiulize:

1. Kazi ninayoitaka inadai cheti gani hasa?

2. Je, programu hii imeidhinishwa na TCU? Uliza TCU yenyewe. Usitosheke na tangazo.

3. Gharama kamili ni ipi? Jumlisha ada, kodi ya chumba, nauli, mshahara utakaoukosa, na muda wa kuishi Dar es Salaam.

4. Je, ni lazima niwe wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria. Huenda afisa mwenye mafunzo ya ziada, anayeshirikiana na mawakili, akamfaa mtoto mapema zaidi.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hatukuambii uache mojawapo. Tunakusihi ujue ipi itangulie. Mtoto anayesimama mbele ya hakimu anamhitaji mtu aliyehitimu, si aliyekwama katikati kwa kukosa ada.