Herufi Zinapovurugika Baada ya Seva Kupewa Programu Mpya

Kompyuta haihifadhi herufi, bali huhifadhi namba. Kila baiti hubeba namba kati ya 0 na 255, na maana ya namba hiyo hutegemea jedwali la misimbo linalotumika kuisoma. Jedwali likibadilika, maandishi huonekana yameharibika ilhali namba zenyewe hazijaguswa.

Mfano wa karibu ni neno ng’ombe. Ritifaa iliyonyooka ni namba 39 katika jedwali la ASCII la mwaka 1963, nayo haileti taabu. Lakini ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, haimo katika ASCII. Utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huiandika kwa baiti tatu: 226, 128 na 153. Katika jedwali la Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi moja, namba hizo ni â, € na ™. Kwa hiyo ng’ombe husomeka ng’ombe. Jina la mgonjwa au la mwanafunzi likipatwa na hali hiyo, huenda lisipatikane tena linapotafutwa katika daftari.

Chanzo cha Tatizo

Kisa kinachojulikana sana ni cha programu ya hifadhidata ya MySQL. Katika toleo la 4.0, seva kwa kawaida ilipokea baiti na kuzirudisha kama zilivyo. Toleo la 4.1, lililokamilika mwaka 2004, liliipa kila safu jedwali lake la herufi, na pasipo maelekezo mengine jedwali hilo lilikuwa latin1, ambalo katika MySQL ni Windows-1252. Data ya UTF-8 ikajikuta chini ya lebo isiyo yake. Programu ilipotangaza kwamba inatumia UTF-8, seva iligeuza kila baiti kana kwamba ni herufi kamili. Mwaka 2018 toleo la 8.0 lilibadili jedwali la kawaida kuwa utf8mb4, na mifumo iliyotegemea kaida ya zamani ikapambana na tatizo la namna hiyo.

Uchunguzi

Macho peke yake hayatoshi, kwa kuwa skrini nayo huweza kudanganya. Hapana budi kuzitazama baiti zilizohifadhiwa, kwa mfano kwa amri ya HEX, ambayo huzionyesha kwa namba za kizio cha 16. Kwa ritifaa iliyopinda, majibu huwa haya:

1. Baiti 3 (226, 128, 153): data ni nzima; lebo ndiyo yenye kosa.
2. Baiti 8: data imegeuzwa mara mbili, kwa kuwa â, € na ™ huchukua baiti 2, 3 na 3 katika UTF-8.
3. Baiti 1 yenye namba 146: maandishi ni ya Windows-1252. Yakisomwa kama UTF-8, aghalabu huonyesha almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza.
4. Baiti 1 yenye namba 63: hii ni alama ya kuuliza yenyewe. Herufi ya asili imepotea, na haipatikani ila katika nakala ya akiba.

Tiba

Kwanza uandikaji usimamishwe, kwa maana rekodi mpya zilizo sahihi zikichanganyika na za zamani, tiba moja haitazifaa zote. Kisha ichukuliwe nakala ya akiba, na majaribio yafanywe juu ya nakala.

Katika hali ya kwanza, safu igeuzwe kuwa ya baiti tupu, ndipo irudishwe kuwa ya maandishi yenye lebo ya utf8mb4. Kuigeuza moja kwa moja kutoka latin1 ni hatari: seva itazigeuza baiti 3 kuwa 8. Katika hali ya pili, data irudishwe kwanza katika Windows-1252, kisha itibiwe kama ya kwanza. Mwishowe hifadhidata, muunganisho na ukurasa vyote vitangaze jedwali moja.

Zoezi

Neno ng’ambo limechukua baiti 9 katika rekodi moja, 14 katika nyingine, na 7 katika ya tatu. Ni rekodi ipi iliyo nzima? Ipi imegeuzwa mara mbili? Katika ya tatu, ni namba gani itakayoonyesha kwamba ritifaa imepotea?