NI MNYAMA GANI ALIYEPITA BOMANI USIKU?

Bwana mkulima, nawe mama mwenye shamba, tuseme ya kwamba umeamka asubuhi ukakuta kondoo wawili wamekufa bomani, na wa tatu haonekani. Jirani mmoja asema ni chui. Wa pili asema ni fisi. Wa tatu anamtazama mbwa wako kwa jicho baya. Utamsadiki nani? Usimsadiki yeyote kwanza. Tazama chini. Mgeni wa usiku ameacha alama zake katika udongo, nawe waweza kujifunza kuzisoma.

Jambo hili lina faida kubwa kwetu sisi wa skimu, hasa wale walio karibu na msitu, kama vile Kinangop chini ya milima ya Nyandarua. Boma linalomzuia fisi halimzuii chui. Na kama mwizi ni mbwa, huna haja ya kumwogopa mnyama wa msituni.

KABLA YA KUTAZAMA

Zuia watu na ng'ombe wasikanyage mahali pale. Ukiona unyayo mzuri, ufunike kwa debe au karai. Tazama mapema, jua likiwa bado chini, kwa sababu kivuli huonyesha vizuri mashimo ya vidole. Simama upande ambao unyayo utakuwa kati yako na jua.

Usitegemee unyayo mmoja tu. Matope huupanua, na mguu wa nyuma mara nyingi hukanyaga juu ya alama ya mguu wa mbele. Fuata nyayo hatua kumi au zaidi. Upime unyayo ulio safi kwa kijiti, kisha ukate alama juu ya kijiti hicho.

MASWALI MATATU

Jiulize hivi: Vidole ni vingapi? Kucha zaonekana? Kitako, yaani ile nyama kubwa iliyo nyuma ya vidole, kina umbo gani?

CHUI. Vidole vinne, na kwa desturi kucha hazionekani, maana huzificha anapotembea. Unyayo ni wa mviringo, na upana wake ni sentimita 7 hadi 10. Kitako ni kikubwa, na ukingo wake wa nyuma una mafundo matatu. Mtazame paka wa nyumbani: unyayo wake ni kama huo, lakini mdogo sana.

MBWA. Vidole vinne, na kucha zaonekana. Unyayo ni mrefu kuliko upana wake. Kitako ni kidogo, chenye pembe tatu. Vidole viwili vya kati vimetangulia mbele ya vile vya kando.

FISI. Vidole vinne, na kucha butu zaonekana. Wengi humdhania kuwa mbwa mkubwa. Lakini vidole vyake ni vinene na vimebanana, na kitako ni kikubwa, kimekaa upande. Alama iliyo bora ni hii: nyayo za mbele ni kubwa kuliko za nyuma, na tofauti yake huonekana wazi.

NYEGERE. Vidole vitano. Kucha za mbele ni ndefu, nazo hutoboa udongo mbali kidogo mbele ya vidole. Huyu hushambulia kuku na mizinga ya nyuki, na huchimba chini ya ukuta.

MONDO. Alama zake ni kama za paka, bila kucha, ila ni kubwa kidogo. Huyu naye huiba kuku.

TAZAMA NA MZOGA

Mzoga huthibitisha yale uliyoyasoma chini. Chui huuma koo au shingo, kisha huburuta mnyama mpaka kichakani, au hata humpandisha mtini. Fisi huvunja mifupa mikubwa na kuacha kidogo sana. Mavi yake yakikauka huwa meupe, kwa sababu ya mifupa anayokula. Mbwa huuma ovyo miguu, mapaja na masikio. Hujeruhi kondoo wengi, lakini hula kidogo.

SASA UFANYE NINI?

Kama ni chui, boma lazima lifunikwe juu kwa waya au miti, maana yeye hupanda na kuruka. Kama ni fisi, tia mlango imara na uzibe matundu ya chini kwa mawe. Kama ni nyegere, fukia waya au mawe chini ya ukuta wa banda la kuku. Kama ni mbwa, usigombane na mtu. Mwite mwenye mbwa pamoja na mzee wa kijiji, waone nyayo kwa macho yao, mbwa wafungwe usiku.

Kama ni chui au fisi, piga picha ya unyayo na mzoga kwa simu, ukiweka kijiti chako kando ili ukubwa uonekane. Kisha ripoti upesi kwa ofisi ya Shirika la Wanyamapori (KWS) iliyo karibu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamruhusu mwenye hasara kuomba fidia kwa mifugo walioliwa na wanyama hao. Lakini mbwa wa kijiji si mnyama wa porini, wala hana fidia. Basi, ukitaja mnyama asiye ndiye, utasumbuka bure.

Usitie sumu katika mzoga hata kidogo. Ni kosa la sheria, na sumu haichagui. Itaua mbwa wako anayekulinda, mbwa wa jirani, na tai wanaosafisha mizoga; na yule mwizi huenda asirudi kula kabisa.

Mtu akiumwa na mbwa, fisi au mbweha, oshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa hakingojei kesho.

ZOEZI LA JIONI

Leo jioni lainisha udongo mbele ya mlango wa boma kwa tawi la mti, upana wa hatua mbili. Asubuhi waite watoto mtazame pamoja. Anzeni na nyayo za mbwa wenu na paka wenu mpaka mzijue vizuri. Mkizijua hizo, siku mgeni atakapokuja hamtamtambua kwa kubahatisha.